Gereza la Walevi wa Aldercombe

Komeo lilianguka kwa nje, ko! Maud Ellacott akageuka, akausukuma mlango kwa mikono miwili. Haukutikisika.

"Umenifungia!" Clement Strode, mwenyekiti wa baraza la kijiji, akamjia juu. "Na kikao kinaanza sasa hivi!"

"Nimekufungia vipi, na mimi nimo humu humu?"

Lilikuwa gereza dogo la mawe, halina dirisha ila tundu juu ya mlango, walimokuwa wakitupwa walevi na wezi wa kondoo enzi za mababu. Rupert, mwanawe Clement, alitaka libomolewe malori yake yapite kwenda kujenga nyumba. Wajumbe walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Kura ya mwenyekiti ndiyo ingekata shauri, na Aldercombe nzima ilijua Clement hawezi kumnyima mwanawe kitu. Maud, aliyeutumia uzee wake akiandika habari za kijiji, alikuwa amemsihi Clement aje walau alitazame mara ya mwisho.

Sasa kuta zilimkaba Maud. Lakini kilichomtesa zaidi ni aibu: nani angeamini kwamba hakukusudia?

Clement aliupiga mlango mateke, akaita mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaketi chini, akatoa mfukoni mkate wa jibini, akamkatia nusu.

"Kula, mchawi wee. Hatuendi popote."

Wilf, mwashi wa kijiji, alipokuja kuwafungulia, kikao kilikuwa kimekwisha. Kura zilifungana, hoja ikaanguka: gereza halibomolewi. Rupert alikuwa amesimama nje, amevimba kwa hasira.

"Bibi kizee huna haya! Unamteka baba yangu kwa ajili ya rundo la mawe!"

"Haki ya Mungu, Rupert, mimi si..."

"Twende, mwanangu," Clement akasema, macho chini. "Achana naye."

Maud alibaki mlangoni. Alichokitaka amekipata, lakini jina lake ndilo hilo, limekwenda na maji.

"Asante, Wilf," akasema. "Usingetusikia, tungelala humo."

Wilf akalisindikiza gari la Rupert kwa macho mpaka likapotelea konani.

"Niliwasikia tangu mwanzo, Bi Maud. Ni mimi niliyefunga. Mzee Clement mwenyewe aliniomba nifunge, nisifungue mpaka kikao kiishe."