Kikopo cha Bibi Biubwa

Firdausi alikiminya kidole cha mwanawe mpaka tone la damu likajitokeza, akaligusisha kwenye kijiti, akasubiri mashine iseme. Mashine ya kupimia sukari ilikuwa ya mkwewe. Kidole kilikuwa cha Naila, mtoto wa miaka minne ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuugua kisukari.

"Ngapi?" aliuliza Bibi Biubwa kutoka kwenye mkeka, pembeni ya kitanda.

"Tano na nusu, mama."

"Alhamdulillahi."

Jioni ile, akikusanya vyombo vya kuosha, Firdausi alikuwa amekiokota kikopo cha vidonge vya mkwewe jikoni, kando ya bakuli la uji. Kifuniko kimefunguka, ndani hamna kitu. Asubuhi vilikuwamo vya kumfikisha bibi hadi siku ya kliniki. Na aliyeonekana mchana kutwa akikitikisa kikopo kile kama kayamba alikuwa Naila.

"Umekula dawa ya bibi?"

"Mimi sijala," mtoto alijibu, mikono nyuma.

Nani angemwamini? Juzi tu aliikana sukari guru huku midomo inanata.

Firdausi alipanda kichuguu nyuma ya nyumba ya mkwewe kutafuta mtandao, akampigia Daktari Castory, jirani yao wa nyumbani Kibaha. Daktari hakuzunguka. Vidonge vile humshusha mtu sukari kimyakimya, na kwa mtoto hata kimoja ni balaa. Aletwe hospitali. Lakini mvua ilikuwa imeshaivuruga barabara ya Maneromango, hakuna pikipiki iliyokubali kutoka, na Latifu, mumewe, alikuwa Kibaha akihangaikia gari la kuazima.

"Basi mpe vitu vya sukari, umpime, isishuke chini ya nne," alisema daktari. "Na usimwache akalala moja kwa moja. Ukiona jasho, au anaweweseka, ujue mambo yameharibika."

Ndiyo maana usiku huo Firdausi hakufumba macho. Naila, ambaye kila dawa chungu humfikia imefichwa ndani ya uji, alikunywa chai ya sukari nyingi bila kubembelezwa, akaomba nyingine. Kila aliposinzia, mama yake alimfinya. Alimpapasa paji la uso, akalikuta kavu. Hata hivyo roho haikumtulia. Mtoto alikuwa huyo mmoja, na alimpata kwa taabu.

Hasira nazo zilikuwapo. Hakuthubutu kuzitoa mdomoni, maana mkwe ni mkwe. Mtu mzima na akili zake anaiachaje dawa mahali mtoto anapofika?

Bibi Biubwa akawa kama aliyemsikia. "Kosa langu, mwanangu. Mke mwenzangu huyu akipatwa na jambo, uso wangu nitauficha wapi?" Akajifuta kwa pindo la kanga. Firdausi aliuona unyevu ule kwenye kanga, akadhani machozi, na hasira zikampungua kidogo.

Mashine ilipohitajika tena, bibi alitaka kusaidia. Akashika kijiti akichomeke, kikamponyoka. Akakipapasa kwenye mkeka, akakipata, kikamponyoka tena. Mwanga wenyewe ulikuwa wa tochi ya simu, na macho yake ya siku nyingi.

"Niachie mimi, mama. Halafu na wewe hujapima leo."

"Wee! Vijiti vyenyewe vimebaki vya kuhesabu. Hivyo ni vya mtoto. Mimi sukari yangu naijua, ikipanda nasikia kiu."

"Basi kunywa japo chai kidogo, upate nguvu ya kukesha."

"Hiyo ya mtoto, iliyojaa sukari? Unataka kuniua?" Akacheka, naye Firdausi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jioni.

Karibu na alfajiri bibi alimwita Naila kwa jina la Mwinjuma, marehemu mumewe, akamwambia mbuzi hawajafungwa. Firdausi alimhurumia. Uzee, na usiku mzima bila usingizi. Alimlaza pale mkekani, akamfunika vizuri, akamwambia apumzike, zamu iliyobaki ataimaliza mwenyewe. Bibi hakubisha.

Kulipokucha mvua ilikuwa imekatika. Kijiti cha mwisho kilisema sita na kitu. Ujumbe wa Latifu ulipenya, ukisema gari limepatikana na wamekwisha kuipita Kisarawe mjini, na Firdausi, simu mkononi, alilia wazi bila kujizuia. Mwanawe alikuwa amesimama juu ya kitanda akirukaruka, akidai ana njaa.

"Shuka, nikukorogee uji. Taratibu, usimwamshe bibi yako. Tazama usingizi ulivyomkolea."

Naila alishuka kwa ncha za vidole. Akamwinamia bibi yake, akamtazama, kisha akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, uji wangu usitie dawa."

"Leo hakuna dawa, kipenzi changu. Umepona."

"Bibi mimi nilimtilia jana. Vyote. Nikakoroga, kama wewe unavyonikorogea." Mtoto alitabasamu, amejaa fahari. "Wala hakusikia uchungu."