Ukuta na Jogoo wa Bumula

Chepchumba alifunua sufuria jikoni nyuma ya duka, akaona maharagwe, akaifunika tena.

"Leo hakuna kuku?"

"Sikujua unakuja," Wekoye alisema.

Kweli hakujua. Yeye alisimamia tawi la Bungoma la duka la mbegu la Mzee Harnam. Chepchumba alikuwa fundi wa kompyuta katika duka kuu, Kitale. Asubuhi hiyo aliingia tu na mkoba wake, akasema ukuta wa mtandao umeacha tena kuandika.

Ukuta huo ni programu, bawabu wa kompyuta: huzuia wezi na kuandika kila aliyebisha hodi. Mfumo uliposasishwa baada ya Pasaka, bawabu aliendelea kuzuia lakini kuandika akaacha. Sehemu ya kumbukumbu ilijizima. Chepchumba akatumwa, akaiwasha. Na kwa kuwa Bungoma mgeni haondoki bila kuku, Wekoye alimchinjia jogoo kutoka kwa mama yake, kijijini Bumula. Walikula, wakacheka mpaka wateja wakachungulia.

Wiki iliyofuata kumbukumbu ikazimika tena. Na tena. Kila fundi akifika, jogoo yuko mezani na Wekoye amevaa shati lililopigwa pasi.

Mzee Harnam si mtoto. Alipiga simu akasema mfumo haurogwi, kuna mkono wa mtu, na huyo mtu akijulikana ataenda nyumbani siku hiyo hiyo. Tangu hapo ukuta uliandika bila kukosa, mwezi mzima, na Wekoye akabaki kuangalia barabara ya Kitale bure. Kazi aliipenda. Alimpenda Chepchumba zaidi, ila mdomo wa kusema hakuwa nao.

Sasa huyo hapo, kompyuta magotini.

"Mzee ameniambia nisirudi bila jina," alisema. "Na kuna kitu nimekuwa nikijiuliza. Ukuta ulikuwa unaharibika asubuhi. Lakini jogoo, wewe mwenyewe uliniambia, ulikuwa unamtoa Bumula jana yake. Ulikuwa unajuaje?"

Wekoye aliona heri aibu kuliko uongo.

"Ya kwanza ilikuwa mfumo. Hizo zingine ni mimi. Nilitaka tu uje, bana. Lakini ya leo sijagusa, haki ya Mungu."

Simu ya Chepchumba ikalia. Alikuwa Mzee Harnam, na alitaka jina. Chepchumba alimwangalia Wekoye kidogo, kisha akamwambia Mzee kwamba ni mfumo tu, ameshaurekebisha, na akamuaga kwa heshima.

Akaivuta sufuria ya maharagwe, akajipakulia.

"Ya leo najua hujagusa," alisema. "Niliizima mimi, nikiwa Kitale. Mwezi mzima, Wekoye, ati hata jogoo mmoja?"