Kipande cha Jua cha Salha

Kila nyumba ilipewa kipande cha Jua. Kompyuta ya ukutani ilikokotoa, bila kuzimwa, jinsi gesi ya kipande hicho inavyochemka na kuzunguka, ili dhoruba za Jua zijulikane mapema.

Salha aliichomoa yake kidogo tu, apate umeme wa kupigia pasi gauni la kwendea harusini. Jioni dhoruba ikapiga bila taarifa, mji mzima ukawa giza.

Kesho yake jirani yake, Bi Mwanakheri, alibisha hodi akilia.

“Wanasema kuna nyumba iliyoharibu hesabu. Itakuwa yangu tu, mwanangu, mashine yenyewe kuukuu. Nisindikize kwa mjumbe nikakiri.”

Salha aliinama kutafuta viatu vyake.

“Vaa lile pale,” Bi Mwanakheri akasema, akilitazama lile gauni la harusini lililotundikwa mlangoni. “Limenyooka vizuri.”

Salha akalivaa.