Maji ya Ghorofa ya Nane

Kila asubuhi Sechelela alisimama kando ya kisima cha mtaa wao, Dodoma, akaimba, na maji yakapanda kwenye mabomba hadi ghorofa ya tatu. Wa juu walishuka na ndoo. Sheria ilikuwa moja: sauti iliyoajiriwa na serikali haizungumzi popote pengine, hata nyumbani. Yunia, bintiye wa miaka saba, alizoea kuongeleshwa kwa mikono, naye akaijaza nyumba porojo zake.

Jumamosi moja Yunia alikuwa akisugua sufuria huku akijiimbia tu. Bomba likakohoa, kisha maji yakafoka. Yakapita ghorofa ya tatu, ya tano, hadi ya nane, ambako hayakuwahi kufika. Vigelegele vikalipuka madirishani.

Sechelela aliduwaa, machozi yakimtiririka. Miaka yote ya kazi, hakuwahi kusikia uzuri kama ule.

"Huyo si Mama Yunia!" jirani alipaza sauti kutoka juu. "Ni nani huyo? Aajiriwe leo leo!"

Sechelela akamkumbatia mwanawe kwa nguvu, akamwinamia sikioni.

"Nyamaza," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu amzae.