Mlenda Usio na Chumvi

"Huu hauna chumvi hata chembe," Debora aliniambia, akifunua hotpoti kando ya kitanda cha mumewe. Ilikuwa mpya, mojawapo ya zile za Dubai zilizojaa sokoni Dodoma mwaka ule. "Onja mwenyewe, daktari."

Nilikuwa nimetoka kuubonyeza mguu wa mzee. Shimo la kidole gumba changu lilibaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

Moyo wake ulikuwa umechoka. Homoni za kuuhimiza zilimwagika usiku na mchana, lakini moyo ulishaacha kuzisikia. Homoni nyingine ziliziamuru figo zishike chumvi na maji, naye akazidi kuvimba. Ndiyo maana miezi mitatu nyuma nilimkataza Debora kumpikia chumvi. Alitii. Mzee akarudi wodini mara tatu, na asubuhi hiyo nilikuwa nimewaambia wauguzi kwamba hatafika Jumapili.

Nikamega ugali, nikachovya kwenye mlenda, nikaonja.

Magadi.

Kila nyumba ya Ugogoni huweka magadi ili mlenda ulainike. Mama yangu mwenyewe aliweka. Na kwa mgonjwa wa moyo, magadi hayana tofauti na chumvi; yana sodiamu ileile inayoshika maji mwilini. Siku ile ya kukataza sikukumbuka kuyataja.

Debora alikuwa ameshika tonge karibu na mdomo wa mumewe, akinitazama usoni.

"Nimekosea, daktari?"

Shimo mguuni lilikuwa bado halijajaa.

"Hujakosea, mama," nikasema. "Mlishe."