Itika Tu

Wanaume wenye mapanga walipofika mlangoni kuwasaka watu wa bara, mgeni kutoka Kampala alikuwa uani, amevaa kikoi cha marehemu mume wa bibi mwenye nyumba.

Alikuja kutalii Mombasa, na vurugu za Likoni zikamkuta hajauzoea hata mtaa.

"Wewe ni Boga, mwana wa ndugu yangu," bibi alikuwa amemwonya asubuhi. "Ukiitwa, itika tu. Usiongeze neno."

Kuitika alijua. Tangu afike alimsikia binti wa bibi akiitwa na mamake na kuitika neno moja kwa sauti laini, naye akaona hakuna neno la adabu kulishinda hilo.

"Hapa hamna mtu wa bara, wallahi," bibi aliwaambia huku akipepeta mchele. "Ni mimi, binti yangu na Boga."

"Boga!" mmoja wao akaita.

Kikoi kilikuwa kikilegea. Mgeni akakishika kiunoni kwa mkono mmoja.

"Abee!"

Ungo ukatulia mikononi mwa bibi.

"Mamangu," yule mwanamume akasema taratibu, akivua ndara zake mlangoni, "tangu lini mwanamume wa Likoni akaitika kama mwanamwali?"