Hodi Kwenye Kidonge

Mkono wa askari ulikuwa umeshashika wenzo wa mlango aliposikia mtu anabisha hodi.

Alikuwa amedondoshwa kutoka angani ndani ya chombo cha chuma ambacho wanajeshi wenyewe walikiita kidonge. Kilitengenezwa kitue juu ya mwamba. Alipouliza kuhusu maji, fundi alimcheka: "Kidonge huteremshwa kwa maji, una wasiwasi gani?"

Sasa kidonge kilikuwa majini, kichwa chini miguu juu. Tone la jasho lilitoka kidevuni, likapanda shavuni taratibu, likapotelea kwenye nywele. Dirisha lilikuwa jeusi tii. Hewa ilikuwa inaisha, lakini kama yuko kilindini, akifungua mlango amekwisha.

"Hodi humo!" Sauti ya mwanamke. "Toka, maji yenyewe yananifika magotini!"

Askari alikuwa amefundishwa kwamba adui hubembeleza, tena kwa sauti ya mama. Akabana pumzi, kikohozi kikamponyoka.

"Aa, kumbe u mzima! Bwawa langu umelimaliza! Samaki wote wako juu ya bati la jirani, na jirani mwenyewe kafuga paka!"

Tone lingine lilianza safari kutoka kidevuni.

"Toka uje uwashushe mmoja mmoja, baradhuli mkubwa we!"

Askari akashusha pumzi. Adui wa mafunzoni alibembeleza, aliahidi, hata alilia. Kutukana, hakuwahi.

Akavuta wenzo.